Rangi Hii Ni ya Samaki au ya Mnunuzi?

Mwaka 1856, wakati wa likizo ya Pasaka, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa nyumbani kwao London akijaribu kutengeneza kwinini. Malaria ilikuwa inawamaliza askari na makarani wa Kiingereza huko India na kwingineko, na kwinini ya magome ya mti ilikuwa ghali. Mwalimu wake, Mjerumani August Wilhelm von Hofmann, alikuwa amedokeza kwamba pengine dawa hiyo ingeweza kupatikana kutokana na lami ya makaa ya mawe. Perkin hakupata kwinini. Alipata tope jeusi, na alipokuwa akisafisha chupa kwa spiriti, tope lile likamtolea rangi ya zambarau iliyong'ang'ania kitambaa hata kikifuliwa. Malaria ikaendelea kuua, lakini nguo za mabibi wa Ulaya zikageuka zambarau, na kijana akawa tajiri.

Sasa utaniuliza, hadithi hii inahusiana vipi na kuvua samaki? Inahusiana sana. Kutoka kwenye lami ile kulizaliwa viwanda vya rangi, na rangi za viwandani zimeingia kwenye mabwawa ya Marekani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni chambo bandia kilichopakwa rangi. Njia ya pili ni maji yenyewe kutiwa rangi. Njia hizi mbili zilipokutana, mvuvi akajikuta na swali ambalo babu yake hakuwahi kuulizwa: kama maji yametiwa buluu, nirushe chambo cha rangi gani?

Tuanze na samaki mwenyewe. Wamarekani humwita besi, na yule ninayemzungumzia hapa ni besi wa mdomo mkubwa, mwenyeji wa mito na maziwa ya mashariki mwa Amerika Kaskazini. Ni samaki wa kijani, ana mstari mweusi ubavuni, na akifungua kinywa unaweza kuingiza ngumi. Hakimbizi windo lake mwendo mrefu kama tuna wa baharini. Hujificha kando ya gogo au chini ya majani ya yungiyungi, akatulia, kisha akavamia mara moja chura, samaki mdogo au kamba wa maji baridi anayepita. Huwinda zaidi kwa macho. Ndiyo maana rangi inamhusu.

Zamani mtu alimvua kwa chura hai au kisamaki hai. Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Dowagiac, jimbo la Michigan, fundi na mfugaji nyuki James Heddon alianza kuchonga vyambo vya mbao. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameketi kando ya bwawa akichonga kijiti kwa kisu, akakitupa majini bila kufikiri, na besi akaruka kukishambulia. Iwe kweli au iwe hekaya ya dukani, kiwanda alichokianzisha na wanawe kilikuwa cha kweli, na kilikuwa na kitu ambacho chura hai hakuwa nacho: rangi ya kuchagua. Mbao ilipakwa tabaka juu ya tabaka ikang'aa kama sahani ya enameli. Kulikuwa na chambo cha mabaka ya chura, cha upinde wa mvua, na kile cha mwili mweupe na kichwa chekundu ambacho mpaka leo hakijatoka madukani.

Hebu fikiria biashara hiyo. Mtu akishanunua chambo kimoja cha mbao, hana haja ya kingine mpaka kipotee. Lakini ukimwambia kwamba cheupe ni cha asubuhi, chekundu ni cha jioni, na cha kijani ni cha siku ya mawingu, umemuuzia vitatu. Kuna msemo wa zamani miongoni mwa wavuvi wa Marekani kwamba vyambo vingi vimetengenezwa kunasa watu, si samaki. Wanausema wakicheka, huku masanduku yao yamejaa.

Mtu mmoja ambaye sanduku lake halikujaa alikuwa George Perry, mkulima kijana wa Georgia. Tarehe 2 Juni 1932, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, alienda kuvua Montgomery Lake kwa sababu mvua ilikuwa imezuia kazi ya shamba na nyumbani walihitaji chakula. Alikuwa na mwenzake, na masimulizi yanasema walikuwa na chambo kimoja tu kati yao wawili. Besi aliyemtoa alikuwa na uzito wa ratili 22 na aunsi 4, yaani kama kilo 10. Rekodi hiyo ya dunia haikupata mwenzake hadi mwaka 2009, wakati Manabu Kurita alipomtoa besi wa uzito karibu sawa huko Lake Biwa, Japani. Perry alimpima samaki wake, akampeleka nyumbani, familia ikamla. Swali la rangi gani ingefaa zaidi siku ile halikuwepo. Kilikuwepo chambo kimoja na njaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1949, Nick Creme wa Akron, Ohio, alichemsha plastiki laini na kuimimina katika kalibu ya mnyoo. Mbao ilipakwa rangi kwa nje tu, lakini plastiki ilichanganywa na rangi yenyewe, kwa hiyo idadi ya rangi haikuwa na mwisho. Zambarau ya Perkin ikarudi safari hii kama mnyoo, na wavuvi wa Texas wakaipenda ajabu, ingawa hakuna aliyewahi kuona mnyoo wa zambarau shambani kwake. Kisha mwaka 1967, Ray Scott, aliyekuwa wakala wa bima, akaandaa mashindano ya kuvua besi huko Beaver Lake, Arkansas. Uvuvi ukawa mchezo wa zawadi, na pesa zikishaingia, kila mtu anataka siri. Katika miaka ya 1980, profesa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Loren Hill, alikuja na kifaa cha elektroniki kilichoshushwa majini kwa waya, kikapima mwanga na kumwonyesha mvuvi rangi ya kutumia: safu moja ya maji maangavu, ya pili ya maji yenye rangi kidogo, ya tatu ya maji ya tope. Kilinunuliwa sana. Watu walitaka kuambiwa.

Wakati huo huo, upande wa pili, maji yenyewe yalikuwa yanabadilishwa.

Katika miaka ya 1930, upepo ulipokuwa ukipeperusha udongo wa mashamba ya Marekani ya kati, serikali iliunda idara ya kuhifadhi udongo mwaka 1935 na kuwahimiza wakulima wachimbe mabwawa. Mabwawa hayo yalikuwa ya kunywesha mifugo na kuzuia mmomonyoko, lakini mkulima ni mtu. Akiona maji anataka samaki. Huko Auburn, Alabama, H. S. Swingle na E. V. Smith walikaa miaka mingi wakichunguza jinsi bwawa dogo linavyoweza kulisha familia. Waligundua kwamba ukitia mbolea, maji yanajaa vimelea vidogo vya kijani, wadudu wanakula vimelea hivyo, samaki wadogo wanakula wadudu, na besi anakula samaki wadogo. Na kulikuwa na faida nyingine: ule ukijani ulizuia jua lisifike chini, magugu yakafa kwa kukosa mwanga. Kwa hiyo rangi ya kwanza ya bwawa la besi ilikuwa hai. Mkulima alifundishwa kuipima kwa mkono wake: zamisha mkono mpaka kina cha sentimita 45 hivi, na kama kiganja kinaanza kupotea, mambo ni sawa.

Kipimo hicho kina ndugu mwenye cheo kikubwa zaidi. Mwaka 1865, padre Mjesuiti Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe katika bahari ya Mediterania kutoka kwenye meli ya Papa, ili kujua mwanga unaishia wapi. Sahani ya Secchi bado inatumika leo, kuanzia baharini mpaka kwenye bwawa la nyuma ya nyumba. Padre na mkulima wa Alabama walikuwa wanauliza swali moja.

Lakini bwawa likaacha kuwa la mkulima peke yake. Likahamia kwenye viwanja vya gofu, makaburi ya kifahari, mitaa mipya yenye nyasi zilizokatwa vizuri. Mwenye bwawa la namna hii hataki ukijani wa mbolea. Anataka maji yanayofanana na picha ya kalenda. Katika miaka ya 1970 ikaingia sokoni rangi ya kumimina bwawani, na jina lililojulikana zaidi lilikuwa Aquashade. Ndani yake kuna rangi mbili: buluu iitwayo Asidi Buluu 9 na manjano iitwayo Asidi Manjano 23. Usishtuke, unazijua. Hiyo buluu ni jamaa wa karibu kabisa wa ile inayopaka peremende na dawa ya meno, na hiyo manjano ni tatrazini, iliyogunduliwa mwaka 1884, inayoipa soda na krispi rangi yake. Wote ni wa ukoo mmoja ulioanzia kwa Perkin na lami yake.

Kazi yake si urembo tu. Mmea wa kijani hula mwanga mwekundu na mwanga wa buluu iliyokolea. Wa kijani haumsaidii sana, ndiyo maana anaurudisha na sisi tunamwona kijani. Rangi ya buluu humeza mwanga mwekundu, kilele chake kikiwa karibu nanomita 630. Rangi ya manjano humeza ule wa buluu iliyokolea. Zikiwa pamoja, mmea uliozama unabaki na mwanga usioweza kuula, kama mtu anayeketi mezani mbele ya sahani ya mawe. Ndiyo sababu sheria ya Marekani, inayosema kwamba kitu chochote kinachouzwa kwa madai ya kudhibiti magugu ni dawa na lazima kisajiliwe na shirika la mazingira, iliikuta rangi hii. Aquashade ikasajiliwa. Wauzaji wengine wa rangi za bwawa wakatafuta mlango wa nyuma: wanasema yao ni pambo tu, na kuhusu magugu hawatamki neno.

Je, kuna mtu aliyemuuliza samaki?

Kwa kweli alikuwepo. Mwaka 1937, huko Illinois, mwanasayansi Frank A. Brown alichapisha majaribio aliyofanya na besi. Aliwafundisha kwamba rangi fulani ina chakula, kisha akaangalia kama wangeichanganya na nyingine. Nyekundu waliitambua vizuri sana. Buluu na zile za upande huo ziliwachanganya. Hitimisho lake lilikuwa kwamba besi anaona kama binadamu mwenye macho mazima anayetazama dunia kupitia kioo cha manjano. Zaidi ya miaka 80 baadaye, mwaka 2019, Lisa Mitchem na wenzake, nao wa Illinois, walirudia swali hilo kwa vifaa vya kisasa. Walipima seli za koni ndani ya jicho na kukuta aina mbili tu: moja inashika mwanga wa kijani, kilele karibu nanomita 535, nyingine inashika mwanga mwekundu, kilele karibu 614. Sisi tuna aina tatu. Besi hana ya buluu. Basi walipowajaribu, samaki waliofundishwa nyekundu au kijani walifanya vizuri, lakini manjano-kijani inayong'aa waliichanganya na nyeupe, na buluu waliichanganya na nyeusi.

Ukitaka kujua biashara ya vyambo imejengwa juu ya nini, soma sentensi hiyo tena. Manjano-kijani na nyeupe ni vyambo viwili dukani, bei mbili. Kwa besi ni kitu kimoja. Chambo cha nyeusi iliyochanganywa na buluu, ambacho wavuvi wengi huapa kwamba hakuna kama hicho kwenye maji ya tope, kwake ni cheusi na cheusi.

Lakini kuna jambo zito zaidi hapa. Kwa nini jicho la samaki huyu lielekee kijani na nyekundu? Tazama maji aliyozaliwa nayo. Bahari safi humeza nyekundu kwanza, na ukizama mita kadhaa dunia yote inakuwa buluu. Maji ya bara ni mengine. Majani yaliyooza yanayatia rangi ya chai, na chai hiyo humeza buluu, ikaacha kijani, machungwa na nyekundu zipite. Kwenye kinamasi cha Georgia, mwanga unaomfikia besi umeegemea upande wa nyekundu, na jicho lake limelingana na nyumba yake. Sasa mimina rangi ya dukani. Ile buluu inameza mwanga kuanzia machungwa hadi nyekundu, palepale ambapo koni yake ya pili hufanya kazi. Mwenye bwawa alikusudia kulinyima gugu chakula. Bila kukusudia, amemziba samaki nusu ya macho.

Haimaanishi samaki anakuwa kipofu. Koni ya kijani bado inapata mwanga, na ile nyekundu inashika mabaki. Lakini ili kutofautisha rangi unahitaji koni mbili zinazotoa habari tofauti, na maji yakiwa yamebakiza kipande kimoja cha mwanga, habari hizo zinafanana. Kinachobaki ni mwangaza na giza, yaani kitu cheupe mbele ya kitu cheusi. Hapo ndipo ushauri wa zamani unapomsaliti mvuvi. Aliambiwa kwamba kwenye maji yenye rangi atumie nyekundu, na kwenye maji ya chai ushauri huo una mantiki. Kwenye bwawa la buluu, mwanga mwekundu haupo wa kukirudishia chambo rangi yake, kwa hiyo chambo chekundu kinakuwa kijiti cheusi.

Basi achague nini? Kama jua ni kali na samaki wako juu, nyeupe au manjano-kijani itaonekana. Achukue aliyo nayo, asinunue zote mbili. Kama samaki yuko chini anatazama juu kwenye anga, cheusi kitachora kivuli safi kuliko chochote. Na kama anataka nyekundu au machungwa kwa lazima, iwe ile inayowaka yenyewe. Rangi hizo zilitengenezwa na ndugu wawili wa Marekani, Robert na Joseph Switzer, katika miaka ya 1930. Haziakisi tu mwanga unaozipata. Humeza mwanga wa buluu na kijani na kuutoa upya ukiwa machungwa au nyekundu. Katika maji yaliyoibiwa nyekundu, chambo cha namna hiyo kinakuja na nyekundu yake mfukoni. Zaidi ya hapo, achague chambo kinachotikisika, kwa sababu besi husikia mtetemo wa maji kwa mstari wa ubavuni, na mstari huo hauhitaji taa.

Sisi Wakenya hatuko nje ya hadithi hii. Besi wa mdomo mkubwa aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, na akarudishwa tena baadaye, ili walowezi wapate mchezo wa ndoana. Ziwa lenyewe halikuwa na samaki wa kutosha kuchezewa. Mwaka 1959 ukaanza uvuvi wa nyavu wa kibiashara, na samaki wa wazungu akawa kitoweo na ada ya shule kwa familia za Karagita na Kamere. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa Louisiana, ambao besi huwajua tangu kwao. Kamba wakala mimea ya majini mpaka yungiyungi zikatoweka. Mto Malewa ukaendelea kushusha udongo wa mashamba ya Nyandarua. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 akajitokeza kapi, samaki anayechimba tope kwa mdomo akitafuta chakula, na akachukua soko. Hapo hakuna aliyemimina chupa ya buluu. Rangi imetoka kwenye jembe, kwenye mto na kwenye mdomo wa samaki mwingine, na ni ya udongo. Mwindaji wa macho hapendi tope, kapi halimsumbui. Baada ya hapo, aliyeuza samaki kando ya barabara Naivasha aliuza zaidi kapi, na chanzo kimojawapo kilikuwa kwamba maji yalikuwa yamebadilika rangi.

Tofauti ni kwamba bwawa la gofu linaweza kutubu. Jua huivunja ile buluu kidogo kidogo, mvua huichuja, na baada ya wiki kadhaa mwenye bwawa hana budi kununua chupa nyingine. Katikati ya chupa na chupa, nyekundu inarudi pole pole, kwanza kwenye kina cha kifundo cha mguu, kisha cha goti. Mvuvi aliyeapa wiki iliyopita kwamba chambo chekundu hakifai kitu anaweza kurudi leo na kunasa besi wawili kwa chambo kilekile, akaenda kuwaeleza wenzake kwamba samaki wa bwawa lile ni wa ajabu, hawatabiriki kabisa.